Upanga Haujiokoi: moto, vitu vya uchawi na ile dadu ya moja

Hii ndio ile hotuba nilitoa Jumamosi kwa mkutano wetu wa wachezaji wa geim za mezani hapa Kisumu, juu ya Dungeons & Dragons, ile geim ya hadithi na dadu. Wengi mlikwama na mvua, na wengine wa Kakamega wakasema matatu iliwaacha stesheni, basi nimeiandika yote venye niliiongea. Slaidi nimeacha nje, bila mimi kuzisimamia nikipiga kelele hazina kazi.

Misawa, watu wangu. Mko poa? Wale wa nyuma mnaniskia ama hii maiki ni pambo tu? Sawa. Mama wa hoteli amesema chai inatoka saa kumi, na nikipitisha hapo yeye analeta tu, hangoji mtu amalize kuhubiri, kwa hivyo nitakimbia kidogo.

Niliombwa niongee juu ya vitu vya uchawi. Nikauliza, vitu vya uchawi kivipi? Nikaambiwa, wewe leta tu ile stori ya faiaboli. Wale wa meza yangu mshaanza kucheka. Kwa wale hawakuwa, iko hivi: wiki tatu zimepita, kundi letu kwa geim lilikuwa ndani ya pango, mchawi wa maadui akatokea juu ya jiwe akarusha faiaboli, ule mpira wa moto, katikati ya watu. Watatu wakaungua vibaya sana. Na neno la kwanza kutoka kwa mdomo wa mchezaji mmoja, kabla hata ahesabu kama mhusika wake anapumua, lilikuwa "na upanga wangu?"

Hakuuliza "niko hai?" Aliuliza upanga!

Tukabishana dakika 40. Dakika 40 jamani, mtu amelala chini anatoa moshi na sisi tuko hapo tunabishana kama chuma cha uchawi kinayeyuka ama hakiyeyuki, mmoja anasoma simu, mwingine anaapa kwa jina la nyanyake. Na mkiangalia vizuri hakuna mtu alikuwa mjinga kwa ile meza. Kila mtu alikuwa na sheria ya ukweli. Shida ni kila mtu alikuwa na sheria ya mwaka wake.

Basi leo nataka tuulizane kitu kimoja tu. Kitu cha uchawi kikipigwa na uchawi wa kuharibu, ni nini inakiokoa? Ni chuma? Ni uchawi wenyewe? Ama ni nani? Jibu langu sifichi: upanga haujiokoi. Unaokolewa na mwenye ameushika. Nitawaonyesha venye hizi sheria zimetembea miaka 40 mpaka zikafika hapo, halafu nitawaambia mahali naona zimepitiliza.

Kuna wageni hapa, wacha niwashikishe. Dungeons & Dragons ilitoka 1974, ya Gary Gygax na Dave Arneson, huko Marekani. Mmoja anaongoza hadithi, tunamwita DM, wengine kila mtu ana mhusika wake. Ukitaka kufanya kitu kigumu unarusha dadu ya pande 20. Ukirushiwa uchawi unarusha hio hio dadu kuona kama umeponea, na hio ndio tunaita seivu. Kitu cha uchawi kinaandikwa na alama, upanga wa +1, ngao ya +2, alama ikipanda kitu ni kikali zaidi. Yameisha. Sasa mnajua kama sisi.

Tuanze Nakuru. Nikiwa chuo nilikuwa na keja Section 58, mimi na binamu yangu, na siku moja nikipita town nikapata mzee ametandaza vitabu vya mitumba kando ya barabara, na kati ya Biblia na kitabu cha kemia kulikuwa na kile kitabu cha DM cha 1979. Cha 1979! Jalada lina jitu jekundu la moto limemshika msichana. Mzee akaniangalia akaniuliza "wewe umeokoka?" Nikamwambia nitakisoma kwa uangalifu. Akaniuzia 200, nadhani alifurahi kiondoke.

Ndani ya hicho kitabu kuna jedwali. Wasee, hilo jedwali. Upande mmoja wameandika vitu vimetengenezwa na nini: mfupa, kauri, kitambaa, kioo, ngozi, chuma kigumu, chuma laini, karatasi, mbao nyembamba, mbao nene, hata vitu vya maji maji viko na mstari wao. Upande wa juu wameandika kimepigwa na nini: asidi, kugongwa, kuanguka, moto wa kawaida, faiaboli, baridi, radi. Unatafuta mstari unakutana na safu, hapo kuna namba, unarusha dadu uifikie. Kama kitu ni cha uchawi unaongezewa 2 kwa dadu, na kila alama juu ya ile ya kwanza inaongeza 1, yaani upanga wa +3 unapata 4. Na kama kitu kinapigwa na kile kiliumbwa kukinga, kama pete ya kuzuia moto ikutane na moto, kinapata 5. Mnaona akili ya hio sheria? Kitu kinasimama chenyewe. Kinaulizwa wewe ni nani, umetoka kwa nini, una nguvu gani. Kama mtu ameenda kuandikwa kazi.

Na kwa uchawi wa faiaboli wenyewe waliandika: mwenye kitu akipita seivu yake, vitu vyake vyote vimepona. Akifeli, rusha. Kimoja kimoja. Vyote.

Binamu alifeli.

Alikuwa na vitu 31. Najua ni 31 kwa sababu mimi ndio nilivihesabu. Nikamwambia tutafanya hii kitu inavyotakikana, tutafuata kitabu. Tukaanza saa mbili usiku. Kamba, imepona. Buti, zimepona. Ramani, imeenda. Poshoni, zile dawa za uchawi za kunywa, tano, tatu zimeenda. Saa tatu stima ikapotea. Tukawasha mshumaa tukaendelea, chapo zimekauka kama kadibodi, dadu inaanguka chini ya kitanda tunaitafuta na simu. Halafu tukafika kwa mfuko wa ngozi. Binamu akarusha, mfuko umeungua. Ndani ya mfuko kulikuwa na skroli, karatasi ya uchawi, na karatasi kwa lile jedwali ndio mnyonge kuliko wote mbele ya faiaboli. Akarusha. Ishirini, ile ya juu kabisa, tukasema imepona.

Sasa niambieni. Mfuko wa ngozi umekuwa majivu, na karatasi yenye ilikuwa ndani ya mfuko haina hata harufu ya moshi. Kama wewe ni DM unasema nini hapo? Mimi nilikaa kimya. Binamu akasema "basi hio karatasi ni ya mabati." Tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini kesho yake nikaanza kufikiria ni kwa nini ile jioni ilikufa. Tulikuwa tumeingia kwa ile pango kutafuta mtoto wa mfalme, na nakuapia hakuna hata mmoja wetu alimkumbuka tena. Masaa mawili na nusu tumefanya stoktekingi.

Na kabla nitoke 1979, wacha niwaambie juu ya mdudu wa kutu, kwa sababu nampenda. Ni mnyama ana mkia kama pangaboi na mapembe mawili laini, akikugusa chuma chako kinakuwa kutu hapo hapo. Gygax alimtoa wapi? Alinunua pakiti ya vinyago vya plastiki vya bei ya chini, vya kutoka Hong Kong, vimeandikwa ni wanyama wa kale na hakuna mnyama wa kale anafanana hivyo, akaviweka mezani akaambia watu hili ni jitu, pambaneni. Kwa zile sheria za zamani upanga wa uchawi mbele yake ulikuwa na asilimia 10 kwa kila alama ya kuponea. Wa +1 asilimia 10. Wa +3, asilimia 30. Yaani umetembea miaka na upanga wa +3, umeupata kwa joka, na kinyago cha plastiki kinakuambia una nafasi 3 kwa 10. Sisi watu wa ziwa tunajua kutu, mabati unaweka Januari kufika Disemba yameanza kulia, lakini hata ziwa linakupatia muda.

Haya. Twende mbele. Toleo la tatu likatoka 2000, likarekebishwa 2003, na hapa ndio nataka mnifuate pole pole kwa sababu hapa ndio sheria ilibadilisha swali. Zamani swali lilikuwa "hiki kitu ni cha nini?" Sasa swali likawa "hiki kitu kiko na nani?"

Sheria inasema kitu kiko mwilini mwako, umekishika ama umekivaa, tunachukulia kimepona. Basi. Hakuna kurusha vitu 31. Isipokuwa kitu kimoja: kama wewe mwenyewe kwa seivu yako umepata 1. Ile moja mbaya ya dadu, mara moja kwa 20. Hapo ndio moto unapata njia ya kuingia, na hata hapo hauli kila kitu, unachagua kimoja. Kuna foleni. Wa kwanza ni ngao, halafu mavazi ya vita, halafu kofia ya uchawi, halafu kile kiko mkononi, halafu joho, halafu silaha iko kwa ala, inaenda hivyo mpaka pete na vito huko nyuma. DM anachukua vinne vyenye viko mbele zaidi, anarusha dadu kimoja kitoke. Hicho ndio kinapigwa, na bado kinapata seivu, yake ama ya mwenyewe, ile nzuri zaidi. Hesabuni: moja kwa 20, halafu moja kwa 4. Ngao yako ina nafasi moja kwa 80 ya hata kuguswa. Ni kama boda, mwenye kukaa mbele ndio anakula upepo, abiria wa nyuma anashuka na nywele zake sawa.

Lakini weka kitu chini.

Weka kitu chini uone. Kitu cha kawaida chenye hakina mtu hakipati seivu kabisa. Hakiulizwi. Kitu cha uchawi chenye hakina mtu bado kinapata, lakini ni yake yenyewe tu, 2 ukiongeza nusu ya levo ya mchawi alikitengeneza. Wacha nifanye hesabu ya panga mbili, ile nilikuwa nimechora kwa slaidi.

Una panga mbili zimewekwa chini. Moja ni chuma cha kawaida, moja ni ya +2. Mchawi wa levo ya 10 anarusha faiaboli, dadu 10 za pande 6, kwa wastani ni 35. Moto kwa vitu unakatwa nusu, asidi na mlio ndio vinapiga kamili, baridi ni robo tu. Kwa hivyo 35 inakuwa 17. Chuma kina ugumu wa 10, unatoa, inabaki 7. Upanga wa kawaida una uhai wa 5. Umeenda. Sasa huu wa pili. Kila alama inaongeza ugumu 2 na uhai 10, kwa hivyo huu una ugumu wa 14 na uhai wa 25. Tuseme amefeli seivu, anakula yote: 17 toa 14, inabaki 3. Umekwaruzwa. Na kama amepita seivu, moto unakatwa tena, 8, hata ugumu haujaupita. Upanga umelala kwa moto kama mamba amelala kwa jua.

Uliza fundi yeyote wa jua kali, atakuambia moto peke yake hauvunji chuma, unakilainisha tu, nyundo ndio inamaliza. Na faiaboli imeandikwa inayeyusha risasi, dhahabu, shaba, fedha, vile vyuma vya kuyeyuka haraka. Nimeona mvuvi huko Dunga akiyeyusha risasi kwa mkebe wa maziwa apate uzito wa wavu, moto wa kuni tu. Kwa hivyo waandishi hawakuota, waliangalia jiko.

Sasa stori yenyewe. Kuna jamaa wetu wa Kondele, yuko hapa, amejificha nyuma ya nguzo. Omera, toka tu. Alikuwa na skroli nne nzuri, miezi mitano amezikusanya, hazitumii, anasema "ya dharura". Tukafika kwa ukuta wa kupanda, akasema mfuko unamlemea, anauacha hapa chini atarudi. Akapanda na upanga peke yake. Mnajua kulitokea nini. Faiaboli ikashuka, yeye juu ya ukuta akapita seivu yake safi kabisa, hana hata malengelenge. Mfuko uko chini.

Skroli ni karatasi. Ugumu sifuri, uhai wa 1. Zikirusha seivu zina 4 ya kuongeza, zinatafuta 17. Mbili zikapita, jamaa akaruka juu akashangilia. Nikamwambia kaa chini ndugu yangu. Kupita seivu ya faiaboli ni kula nusu, na nusu ya 35, hata ukiikata tena kwa sababu ni moto kwa kitu, ni 8. Karatasi ina 1. Zote nne. Na zile zingekuwa kwa mshipi wake, hatua sita juu, hakuna hata mtu angezitaja. Karatasi ni ile ile na moto ni ule ule. Kitu kimebadilika ni nani ameishika.

(Hapa jamaa mwenyewe alisema kwa sauti "na bado nasema ulinionea." Watu wakapiga makofi, sijui ni ya nani.)

Upanga haujiokoi! Nilisema mwanzo, narudia, na nitarudia tena kabla chai.

Toleo la tano, 2014, hili wengi wenu mnacheza. Hapa mkono ukafunika kila kitu. Faiaboli imeandikwa inawasha vitu vya kuungua vyenye havijavaliwa na havijabebwa, full stopu, ile dadu ya 1 haiko tena. Na kitabu cha DM kinasema vitu vya uchawi karibu vyote, ukitoa poshoni na skroli, vina ukinzani kwa kila aina ya pigo, yaani vinaumia nusu. Sumu na mapigo ya akili hayafanyi kitu kwa kitu chochote, hata cha kawaida, huwezi kulisha kiti sumu wala kutukana mlango mpaka ulie.

Na uchawi wa kusaga, ule unaitwa Disintegrate, huo ndio ulinionyesha venye mambo yamegeuka. Zamani ulikuwa unatisha vitu. Hata kwa toleo la tatu, ukiuelekeza kwa kitu cha uchawi, kinarusha seivu kikitetemeka. Kwa toleo la tano? Imeandikwa wazi, kitu cha uchawi hakidhuriki. Mtu ndio anadhurika. Wastani ni 75, na ukifika sifuri unakuwa vumbi, wewe na nguo zako na sufuria yako na kila kitu, isipokuwa vitu vyako vya uchawi. Hivyo vinaanguka kwa vumbi lako, kling, kling.

Ilifanyika hapa hapa mwaka jana. Dada mmoja, mhusika wake, paladini, alisagwa. Vumbi. Vikabaki upanga, pete na buti. Na kabla vumbi litulie, vijana wawili, siwataji, wameanza, "mimi ndio natumia upanga", "hapana, yeye aliniahidi buti", "aliniahidi mbele ya nani?" Na dada ameketi hapo katikati yao anakunywa soda! Akawaangalia, akasema "mimi bado niko hapa, hata mazishi hamjafanya." Mnajua wakafanya nini? Wakafanya. Tuliacha joka, tukacheza matanga jioni nzima, kuna mtu alikuja kudai deni, kuna mtu alijitokeza kama mke wa pili, na dada ndio akacheza mjomba wa marehemu akagawa vitu mwenyewe. Ilikuwa jioni nzuri kuliko zote mwaka ule.

Sasa nilishindwa kulala nikifikiria, mbona hio ilikuwa nzuri na ile ya vitu 31 ikawa mbaya? Zote ni uchawi wa kuharibu na mali. Nadhani ni kwa sababu Nakuru mali ilituondolea mtu. Hapa mtu aliondoka, mali ikatuletea watu.

Lakini nisiwadanganye ati kila kupona ni kuzuri. Kuna upande wa pili na mimi ndio mkosaji. Kwa toleo la tatu kuna uchawi wa levo ya 9, juu kabisa, unaitwa Disjunction. Hauchomi, hausagi. Unafungua mafundo. Ndani ya futi 40 kila kitu cha uchawi kinarusha seivu, kikifeli kinabaki kitu cha kawaida, milele. Nilikuwa DM, nilikuwa kijana, nilitaka adui wangu wa mwisho aogopwe. Nikaurusha. Binamu alikuwa na vitu tisa vya uchawi, sita vikafa. Hakuna moto, hakuna kelele, ni mimi tu nasema "huo sasa ni upanga tu. Hio sasa ni pete tu." Alifuta kwa karatasi yake pole pole na kifutio, moja moja, naskia ile sauti ya kifutio mpaka leo. Halafu akasema "hata wezi wa ng'ombe huacha moja." Akaenda kulala. Hatukucheza miezi miwili, na tulikuwa tunalala chumba kimoja.

Walioandika toleo la tano hawakuuweka huo uchawi. Hauko kwa kitabu cha mchezaji. Siwalaumu.

Hata hivyo Disjunction yenyewe ilikuwa inaogopa kitu kimoja: atifakti. Hivi ni vile vitu vikubwa vya zamani vyenye hakuna mtu anajua kuvitengeneza tena. Ukiurusha kwa atifakti una asilimia 1 kwa kila levo yako ya kuivunja, na ukiivunja, wewe mchawi unarusha seivu ya 25 na ukifeli umepoteza uchawi wako wote, maisha. Moto haufanyi kitu, asidi hata kidogo. Kila atifakti ina njia moja ya kufa na ni lazima uitafute.

Na hapo mimi sihitaji kitabu cha Marekani. Dani yangu, yaani nyanya, alinifundisha hio sheria nikiwa na miaka sita, tunamenya maharagwe. Nani hapa hajui Luanda Magere? Mikuki inampiga inaruka, mishale inavunjika, mwili ni jiwe. Wale Lang'o, maadui wake, wamepigana naye wamechoka. Wakafanya nini? Hawakutafuta mkuki mkubwa zaidi. Walimpelekea msichana aolewe. Siku akaugua, akamwambia mke achanje kivuli, asichanje mwili, dawa ipakwe pale, na kivuli kikatoa damu. Msichana akatoroka usiku kwao. Vita vilivyofuata wakapiga kivuli, na jamaa akageuka jiwe, na hilo jiwe liko huko upande wa Kano, na wanasema wawindaji walikuwa wanaenda kunolea mikuki yao hapo wapate bahati.

Dani alikuwa anapenda kunyamaza hapo kwa kivuli. Anaacha maharagwe anakuangalia.

Ninyi ma-DM, skizeni hii. Ukiwapa wachezaji atifakti bila kuandika kivuli chake, umewapa jiwe. Zito, haliungui, na halina stori. Andika kivuli kwanza, ndio uandike nguvu zake.

Na hapo ndio ugomvi wangu na toleo la tano. Limefanya kila upanga wa +1 kuwa Luanda Magere bila kivuli. Nimesema jedwali la 1979 lilikuwa mateso na nasimama hapo, sirudi. Lakini nimechezesha vijana wa juzi, wana miaka miwili na ule upanga, ukiwauliza ulitoka wapi hawakumbuki. Kwa nini wakumbuke? Haujawahi kuwa hatarini hata siku moja. Binamu hata leo, ameoa, ana watoto, ukimpigia simu Nakuru saa hii atakuambia poshoni gani tatu zilichemka.

Kwa hivyo kwa meza yangu tunafanya hivi, na mnaweza kunipinga, najua mtanipinga. Tunacheza toleo la tano lakini nimerudisha dadu ya 1 ya toleo la tatu. Ukipata 1 kwa seivu ya uchawi wa kuharibu, tunafuata ile foleni, tunatoa kitu kimoja, na kitu hakifi, kinapata ufa. Unachora ufa kwa karatasi yako, mstari, na kalamu, hakuna kifutio. Kitu chenye ufa kinapunguza alama moja mpaka upate fundi ndani ya hadithi, na fundi ana bei, na mara nyingi bei si pesa. Nyufa tatu, kimeenda. Kwa mwaka mzima tumepata nyufa nne tu, na kila mmoja anaujua wake. Yule wa "na upanga wangu?" ana mmoja. Ameuchora na biro nyekundu na ameandika tarehe.

(Swali lilitoka kwa mwalimu mmoja wa Kakamega: "Na ukiwa na 1 na huna kitu cha uchawi?" Nikamwambia basi wewe ni kama mimi mwisho wa mwezi, moto utafute mwingine.)

Naona sufuria ya chai imetoka. Mama, asante, nimemaliza, kweli nimemaliza.

Kitu cha mwisho ni tangazo. Wale wa meza ya dirishani, Jumamosi iliyopita kabla tufunge mlisema mnaingia kwa pango na mikono mitupu mpite haraka, na mfuko wa skroli mkauacha kwa mlango. Nimeandika hapa. Hakuna mtu alisema anarudi kuuchukua. Mkishachukua chai njooni tukae, tunaanzia hapo.